Ila ya Gari na Dhima ya Muuzaji

Vitz ya kizazi cha kwanza, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1999, hushindwa kuficha umri wake alfajiri. Ikiwashwa baada ya kulala usiku kucha, cheni ya taimingi iliyolegea hugonga kwa sekunde chache mpaka oili ipande juu, kisha kimya. Mnunuzi akifika saa nne na kukuta injini imeshapashwa moto na kuoshwa, hasikii lolote.

Mafundi wanazijua kasoro nyingine za gari hili. Injini iliyochoka hula oili na kutoa moshi wa buluu. Bushi na boljointi za mbele huishia kwenye mashimo ya barabara. Zile za kizazi cha pili, za kuanzia 2005, zenye injini ya silinda tatu, pampu ya maji huanza kuvuja. Na nyingi zina giaboksi ya CVT isiyokubali oili yoyote ila yake. Ikiwekewa ya kawaida, mkanda wa chuma ulio ndani huteleza na kuliwa. Hakuna cha kulaumu hapo, kwa kuwa gari la miaka 20 limetumika. Linalosumbua ni jingine: muuzaji aliyesikia cheni ikigonga alfajiri anadaiwa nini na mtu anayekuja saa nne?

Swali hili ni la kale. Imepokewa katika Sahih Muslim, kwa njia ya Abu Huraira, kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alipita penye rundo la nafaka sokoni, akatia mkono ndani, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali alisema ilinyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyoloa juu watu wakaiona, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Yule mfanyabiashara hasimuliwi kuwa alitamka uongo wowote. Alinyamaza, akaiacha nafaka kavu ya juu imsemee. Injini iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika humsemea mwenyewe vivyo hivyo.

Wauzaji wana jibu lao: gari linauzwa kama lilivyo, mlete fundi wako, ukishalipa yamekwisha. Jibu hilo nalo lilishafika mbele ya hakimu. Katika Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik, imesimuliwa kwamba Abdullah bin Umar, sahaba wa Mtume, alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800, kwa sharti kwamba hadaiwi ila yoyote. (Kwamba bidhaa yenyewe ilikuwa binadamu ni jambo zito, na msomaji wa leo hawezi kulipita hivi hivi.) Mnunuzi akalalamika kuwa mtu yule alikuwa na ugonjwa ambao hakuambiwa. Khalifa Uthman hakulitupa sharti, wala hakulikubali lilivyo. Alimtaka muuzaji aape kwamba aliuza bila kujua ugonjwa wowote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa, ambaye baadaye alipona na kuuzwa kwa dirhamu 1,500.

Kutokana na hukumu hiyo madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, yanalibana sana sharti la namna hii: humwokoa muuzaji katika ila ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, kwa sababu maradhi ya mnyama hujificha hata kwa mfugaji mwangalifu. Je, injini ni kama tumbo la ng'ombe? Zamani pengine. Leo fundi huchomeka mashine ya kusoma hitilafu chini ya dashibodi, na kijiti cha oili husema mengi kwa dakika moja.

Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alitenganisha ila ya wazi na ya siri. Farasi mwenye jicho moja kila mtu anamwona. Bei ikishushwa inavyostahili, muuzaji halazimiki kutangaza. Ila iliyojificha yenye hatari lazima isemwe. Mlango uliobonyea basi unajitangaza wenyewe. Boljointi iliyokwisha, inayoweza kuchomoka gari likiwa kasi na tairi likalala, haijitangazi, na anayeinyamazia anachezea roho ya mtu.

Kigumu zaidi ni kwa muuzaji anayejitahidi asijue. Dalali hamuulizi mwenye gari chochote. Mwenye gari hapeleki gereji, asije akaambiwa. Wote wawili wangeweza kuapa mbele ya Uthman bila kutamka uongo. Hata hivyo kiapo chao kisingekuwa safi, maana ujinga walioutengeneza kwa makusudi ni sehemu ya kuficha. Wakati kusema kungechukua dakika moja tu: cheni inagonga asubuhi, oili inaongezwa kila mwezi, boljointi ya kushoto inahitaji kubadilishwa. Bei ingeshuka kwa kiasi cha spea na ufundi, na mnunuzi angelipeleka gari kwa fundi kwanza kabla ya kuwapakia watoto wa shule.