Mtaalamu na Kosa Lake

Utamaduni wa taifa si ngoma, mavazi na mapishi peke yake. Namna watu wanavyoutafuta ukweli, na namna wanavyoyapokea makosa yao, nayo ni sehemu ya utamaduni wao. Basi twapenda kuuliza: mtaalamu aliyekosea, je, ametutumikia au ametupotosha?

Tuanzie Makongolosi, wilayani Chunya, katika machimbo ya dhahabu ya Lupa. Miamba ya huko ina umri wa karibu miaka bilioni 2. Ukielekea kusini-magharibi, uwanda unakatika na kushuka hadi bonde la Ziwa Rukwa; ng'ambo ya pili umesimama uwanda wa Ufipa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo hili la Rukwa lilitikiswa na tetemeko ambalo wataalamu wamelikadiria kuwa la kipimo cha 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kurekodiwa Afrika ya Mashariki. Ni nguvu gani itendayo kazi kama hiyo?

Mwaka 1929 alizuru Afrika ya Mashariki mwanajiolojia wa Marekani, Bailey Willis, aliyezaliwa mwaka 1857. Kwao alikuwa amechunguza jinsi milima ya Appalachian ilivyojikunja: alipanga matabaka ya nta, akayabana kwa upande hata yakapinda mfano wa milima. Katika miaka ya 1920 aliwahimiza watu wa California wajenge nyumba za kustahimili matetemeko. Alipoyatazama mabonde yetu ya ufa, aliona humo pia kazi ya mbano, akaieleza katika kitabu kilichotolewa mwaka 1936. Kabla yake, J. W. Gregory wa Uingereza alikuwa ameeleza mwaka 1896 kwamba ardhi ilipasuka kwa nyufa sambamba, na kipande cha katikati kikadidimia. Vipimo vya satelaiti vimeonyesha kuwa ardhi yetu haibanwi bali yavutwa: pande mbili za bonde zinaachana kwa milimita chache kila mwaka.

Wahenga walisema, mazoea yana taabu. Huenda mkono uliozoea kubana nta ulilifundisha jicho kuona mbano kila mahali. Walakini, Willis aliandika alichokiona na sababu za kukiamini, na kwa hiyo waliomfuata waliweza kumpima na kumsahihisha.

Mchimbaji wa Makongolosi aelewa jambo hili vema. Mtu akichimba shimo siku nyingi asikute mshipa wa dhahabu, kisha akawaambia wenzake, "Hapa hapana kitu," amewaokolea jasho na pengine maisha. Akificha kwa kuona haya, wengine watachimba palepale. Kosa lililotangazwa ni mali ya wote; kosa lililofichwa ni mtego.

Je, basi, mtaalamu hana lawama kamwe? La, si hivyo. Mwaka 1944, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, Willis aliandika makala ambayo katika kichwa chake aliiita ngano ile nadharia ya Alfred Wegener, isemayo kuwa mabara husogea. Leo kusogea huko ndiko kunakotueleza asili ya mabonde yetu na matetemeko yake. Hapo twaona tofauti kubwa. Kukosea katika kutafuta si aibu, kwani atafutaye huweza kupotea njia. Lakini kulidhihaki swali la mwenzio ni kufunga mlango ambao wewe mwenyewe uliingilia.

Jambo hili si la vitabuni tu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipiga Kagera. Watu walipoteza maisha na nyumba nyingi zikaanguka. Ardhi haingoji wasomi wamalize ubishi wao. Iwapo wataalamu wataogopa kusema "tulikosea", au wataona fahari kuwanyamazisha wadogo zao, watakaolipa ni wale walalao chini ya kuta dhaifu.

Kwa hiyo, walimu wetu hawana budi kumtunza mwanafunzi athubutuye kuuliza, hata swali lake likionekana ni ngano. Naye mwanafunzi ajifunze kuandika daftarini jibu lake pamoja na njia aliyopitia, asilifute lililokosewa bali alisahihishe pembeni. Taifa linaloweza kuyasoma makosa yake bila haya ndilo litakaloisoma ardhi yake vema.