Ajifunzaye Peke Yake, Msimamizi Wake ni Nani?

Katika kikao chetu cha darasa ilisomwa barua ya ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kwa miaka kadhaa sasa yuko Marekani pamoja na ahali zake. Hatulitaji jina lake wala jina la chuo anachosoma, kwani hatukusudii kumfedhehi mtu. Lakini swali alilotuuliza si lake peke yake, ni letu sote. Kwa hivyo tumeona yafaa kulijadili hapa mbele ya wasomaji wetu.

Ndugu huyu amepita umri wa miaka arubaini. Usiku hufanya kazi katika ghala la mizigo, na mchana anatafuta njia ya kuingia katika masomo ya uuguzi. Mlango wa masomo hayo amefungiwa kwa kufuli moja: sharti kwanza apasi aljebra ya mwanzo. Basi alijiandikisha katika chuo cha jamii kilicho karibu na kwake, akatiwa katika darasa ambalo kila mwanafunzi huenda kwa mwendo wake mwenyewe. Hapo ndipo lilipozuka swali lake, nasi tutalieleza baada ya kueleza vyuo hivyo ni vyuo gani.

Vyuo vya jamii ni vyuo vya miaka miwili. Kikongwe chao miongoni mwa vile vya umma ni kile cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Mwaka 1947 tume iliyowekwa na Rais Truman ilipendekeza vienezwe katika nchi nzima, na leo ni takriban elfu moja. Sifa yao kubwa ni kwamba mlango wao u wazi: dereva, mama wa watoto, mgeni aliyefika juzi, wote hupokewa. Lakini ndani ya mlango ule ulio wazi mna mlango wa pili, nao ni hisabati. Kwa miaka mingi aliyeonekana dhaifu alitakiwa kwanza apite madarasa ya matayarisho. Na uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 juu ya wanafunzi wa vyuo hivyo ulionyesha kwamba katika waliopelekwa kwenye matayarisho ya hisabati, waliomaliza ngazi zote walikuwa theluthi moja tu. Waliobaki waliishia njiani, na wengine hawakuanza kabisa.

Kwa kuona hasara hii, vyuo vingi vilijaribu njia nyingine. Somo hukatwa sehemu sehemu. Mwanafunzi huketi mbele ya kompyuta, husoma, hufanya mazoezi, kisha hutahiniwa. Asipopata alama zilizowekwa, tuseme 80 katika 100, harukhusiwi kuingia sehemu ifuatayo; atarudi, atasoma tena, atatahiniwa tena. Mwalimu hasimami ubaoni. Huzunguka chumbani, na anayekwama huinua mkono. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Fred Keller, aliueleza mpango wa namna hii katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1968. Na tangu wakati wake ilijulikana maradhi ya mpango huu ni yapi: ni kuahirisha. Asiyesukumwa husema nitafanya kesho, na kesho haina mwisho.

Haya ndiyo yaliyompata ndugu yetu. Wiki nane zilipita naye amemaliza sehemu mbili tu katika kumi na mbili. Kisha kijana mmoja wa pale kazini akamwonyesha kwamba simu aliyo nayo mfukoni yaweza kuipiga picha hesabu, na mara ile ile ikaandika jawabu pamoja na hatua zake zote. Na kwa kuwa mitihani ya sehemu hufanywa nyumbani, ndugu yetu alimaliza sehemu nne kwa usiku mbili. Sasa anatuuliza: Nimemdhulumu nani? Sikumnyang'anya mtu mali yake. Ada nimelipa mimi. Aljebra hii sitaitumia kamwe mbele ya mgonjwa. Basi dhambi yangu ni ipi?

Wenzetu katika kikao walikhitalifiana. Mmoja alisema kwa haraka kwamba hii ni ghishi, na ghishi ni haramu, na maneno yamekwisha. Mwingine akamjibu kwamba sharti lenyewe ndilo lenye dhulma: humzuia mtu mzima, mwenye watoto na mwenye nia njema, kwa jambo lisilohusiana na kazi aitakayo. Na mwenye rai hii hakukosa ushahidi. Mwaka 2017 jimbo la California lilitunga sheria ya kuvizuia vyuo vyake vya jamii visimlazimishe mwanafunzi kupitia madarasa ya matayarisho, isipokuwa pawe na dalili madhubuti kwamba bila ya hayo hataweza kufaulu. Wenye kutunga sheria wenyewe walikiri kwamba mlango ule uliwazuia wengi pasipo haja. Itakuwaje basi alaumiwe aliyeuzunguka?

Sisi twaona kwamba rai ya pili ina nguvu, na mwenye kuipuuza hakuifikiri. Si kila sharti lililowekwa na wakubwa ni la haki. Lakini kuna tofauti baina ya mtu asemaye hadharani, "Ukuta huu haufai, uvunjwe," na mtu aurukaye usiku kisha asubuhi akadai kuwa amepita mlangoni. Wa kwanza ametaka haki kwa ajili yake na ya wenziwe. Wa pili ameuacha ukuta pale pale ulipo, na tena ameupa heshima isiyokuwa yake, kwani watu wataonyeshwa alama zake waambiwe: tazameni, mbona huyu amepita? Watu wa California walipinga mchana. Lau wangalinakili majawabu kimya kimya, kufuli lile lingalikuwa pale hata leo.

Sasa na tuje katika swali lenyewe: ni nani aliyedhulumiwa?

Kwanza ni huyo mgonjwa ambaye ndugu yetu asema aljebra haitamhusu. Daktari ameandika kwamba mtoto apewe miligramu 250 za dawa. Katika chupa imeandikwa kwamba mna miligramu 125 katika kila mililita 5. Je, mtoto atapewa mililita ngapi? Hapa pana kitu kimoja kisichojulikana na vitatu vinavyojulikana, na kukitoa kile kisichojulikana katika vile vinavyojulikana ndiyo aljebra yenyewe, haina maana nyingine. Jawabu ni mililita 10. Aliyezoea kuletewa jawabu hatajua kuwa limekosewa pale atakapoletewa 20 au 5. Na mama wa mtoto yule hatamuuliza alimaliza sehemu sita kwa usiku ngapi. Atamwamini kwa ajili ya karatasi iliyotundikwa ukutani. Karatasi ile ni shahada, na shahada maana yake ni ushahidi. Mwenye kuitundika pasipo elimu anatoa ushahidi wa uwongo kila siku, hata akiwa amenyamaza.

Na tukadirie kwamba hatauuguza mtu maishani mwake. Hata hivyo yuko aliyedhulumiwa, naye ni mwenyewe. Wazee wetu na tuwakumbuke hapa. Huko chuoni, tulipokuwa wadogo, watoto wa umri mbali mbali waliketi juu ya mkeka mmoja. Huyu yuko katika alifu, yule yumo katika juzuu ya Amma, na mwingine amekaribia kukhitimu. Hakuna aliyengojewa wala aliyeharakishwa. Kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake, na hakuvuka mahali mpaka mwalimu amemsikiliza akaridhika. Haya wanayoyaita mapya huko Marekani, bibi zetu waliyajua. Lakini chuoni palikuwa na sikio la mwalimu, na mbele ya sikio lile hapana aliyeweza kusomewa na mwingine. Sasa ndugu yetu amepewa mwendo ule ule bila ya sikio lile; kuna maana gani? Maana yake ni kwamba sikio amekabidhiwa yeye. Amefanywa mwanafunzi na msimamizi kwa wakati mmoja. Uhuru aliopewa si zawadi ya kufanyia apendavyo, bali ni amana. Na msimamizi akikubali hongo kutoka kwa mwanafunzi, ijapokuwa wote wawili ni mtu mmoja, khiyana imekwisha tendeka.

Wala tusijisifu kwa ajili ya chuo chetu, kwani nacho kilikuwa na aibu yake. Wengi wetu tulisoma kama kasuku: tulitamka sawasawa tusichokifahamu, na mwalimu akaridhika na matamshi. Jarida hili limelia na jambo hilo mara nyingi. Basi jawabu linalotoka katika simu na kunakiliwa na mkono usiofahamu lina tofauti gani na usomaji ule? Wote wawili ni ukasuku, ila kasuku wa zamani alilazimika walau kuhifadhi.

Na liko jambo jingine litupasalo kulisema waziwazi. Kila tunapokutana katika maulidi na arusi, hatukosi msemaji wa kutukumbusha kwamba aljebra ni yetu. Ni kweli. Jina lake limetoka katika kitabu cha al-Khwarizmi, aliyekiandika Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833. Al-jabr ni kukirudisha kilichopunguka, kama vile mganga aungavyo mfupa. Na al-muqabala ni kuviondoa vilivyo sawa katika pande mbili. Hakutumia alama hizi za leo. Aliandika yote kwa maneno, na kile kisichojulikana akikiita "kitu". Mtu akisema, "Kitu mara tatu, kasoro tano, ni sawa na kumi na sita," tunarudisha ile tano iliyopunguka pande zote mbili: kitu mara tatu ni ishirini na moja, basi kitu ni saba. Na sehemu kubwa ya kitabu chake ni hesabu za wasia na mirathi, kwani alitaka watu waweze kugawanya haki kwa uadilifu.

Kitabu hicho kilitiwa katika Kilatini mwaka 1145 na Mwingereza aliyekuwa Hispania, Robert wa Chester. Waliokipokea hawakukipokea kwa fakhari; walikaa wakakisoma. Leo sisi tuna jina, wao wana elimu. Wangapi katika sisi tunaojivunia al-jabr twaweza kufanya hesabu ya kitu mara tatu kasoro tano? Ukoo haupasishi mtihani. Na ndugu yetu, mtu mzima aketiye katika chumba cha vijana akajifunza kuunga mfupa huo, huyo ndiye aliyekuwa njiani kuurudisha urithi, hata alipokuwa katika sehemu ya pili kwa wiki nane. Mwenda pole hajikwai. Alipokwenda mbio ndipo alipopotea.

Jawabu tulilompelekea lilikuwa fupi. Tulimwambia: Ajiwekee siku tatu za wiki na saa zake, aende kwenye chumba kile badala ya kungoja nafasi nyumbani, kwani nafasi haiji. Ainue mkono aulize, wala asione haya mbele ya vijana. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Simu hatukumkataza. Chombo hakina dhambi. Na anayekwama akatazama hatua moja, akaifahamu, akaifunga, kisha akaifanya mwenyewe hesabu nyingine mfano wa ile, huyo amefundishwa. Mizani ni nyepesi: badilisha namba, funga simu, fanya. Ukiweza, ni yako. Usipoweza, ni ya simu.

Tena tulimwambia lililo zito: zile sehemu nne si zake, na yafaa azirudie. Hapa mwenzetu mmoja alituonya kwamba ni rahisi kwetu kusema hivyo tukiwa tumekaa juu ya mkeka, kahawa mkononi, na ada hatulipi sisi. Ni kweli, nasi twakiri. Sisi wenyewe mara ngapi tumeitikia kwa kichwa darasani, tukaonekana tumefahamu, na hatukufahamu kitu?

Barua yake ya pili ilifika baada ya wiki sita. Alikwenda kwa mwalimu wake, akamweleza lililotokea. Mwalimu alizifuta alama zile, akamfungulia sehemu ya tatu upya. Alipotahiniwa alipata 70, akakataliwa. Akarudia, akapata 85. Muhula umekwisha naye yu katika sehemu ya tano. Itambidi alipe ada mara ya pili, na masomo ya uuguzi yamesogea mbele mwaka mzima. Mkewe hakufurahi, wala hatusemi kwamba alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini ameandika kwamba binti yake wa darasa la nane alimletea hesabu yake ya nyumbani, akamfundisha, na kwamba kwa mara ya kwanza hakuitafuta simu.

Msomaji anayetaka kujijua naye yuko upande gani, tunamwekea hesabu moja. Kitu mara tano, kasoro nane, ni sawa na kitu hicho mara tatu pamoja na kumi na nne. Kitu hicho ni ngapi? Arudishe kilichopunguka, aondoe vilivyo sawa, agawanye. Jawabu hatulichapi katika toleo hili wala katika lijalo. Atakayelipata atajua kwamba amelipata, kwa kulirudisha mahali pake na kuona pande mbili zimelingana.