Chokoleti ya Vifaru

Mwaka 1938 kiwanda cha Temmler mjini Berlin kilianza kuuza Pervitin, kidonge chenye miligramu 3 za methamfetamini. Kilifukuza uchovu, usingizi na hata njaa. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto kikapachikwa jina la utani: Panzerschokolade, yaani chokoleti ya vifaru.

Uongo wa watawala tumeuzoea, na wa kumlaumu yupo. Jina la utani ni jambo jingine, kwa sababu huenea midomoni mwa wale wale wanaokimeza kidonge. Hapo ndipo suala la ridhaa linapokuwa gumu. Aliyepewa amri anaweza kuipinga, walau moyoni. Aliyepewa chokoleti atapinga nini?

Tazama pia neno lenyewe lilivyoundwa. Kijerumani huyabandika majina mawili bila neno la kuonyesha uhusiano, kikamwachia msikilizaji kazi ya kuutafuta. Je, ni chokoleti ya kuliwa ndani ya kifaru? Au ndiyo inayomgeuza mlaji awe kifaru, chuma kisicholala? Maana ya kwanza ndiyo iliyotamkwa. Ya pili ndiyo waliyoitaka wakuu wa jeshi. Na chokoleti ya kweli ilikuwepo: Scho-Ka-Kola, yenye kafeini, ndani ya kopo la duara, ambayo marubani waligawiwa. Utamu na vita vilikwisha kuzoeana.

Wapo watakaosema jina liliwadanganya askari. Sikubali. Novemba 1939 Heinrich Böll, askari kijana ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, aliiandikia familia yake kutoka Poland akiomba Pervitin, kwa jina lake la dukani. Alijua anachoomba. Jina tamu halikukificha kidonge. Liliwaondolea watu haja ya kukijadili. Wakuu hawakuhitaji zaidi ya hapo: kati ya Aprili na Julai 1940 jeshi la nchi kavu na la anga yalipelekewa vidonge zaidi ya milioni 35 vya Pervitin na Isophan, dawa ya aina hiyo hiyo.

Leonardo Conti, mkuu wa afya katika utawala wa Nazi, aliiona hatari ya uraibu, na mwaka 1941 Pervitin ikawekwa chini ya sheria ya afyuni. Huyo huyo aliyeitambua sumu ndani ya kidonge alishiriki mpango wa kuua wagonjwa wa akili na walemavu, mauaji ambayo hati ya Hitler iliyaita kifo cha huruma.