KHUTBA YA IJUMAA: POMBE KATIKA KIKOMBE CHA MTOTO



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetuhalalishia vitu vizuri na akatuharamishia vitu vichafu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka siku ya Kiyama. Ninawausia nyinyi, na ninaiusia nafsi yangu kabla yenu, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, Luvungi yetu iko kwenye barabara inayounganisha Uvira na Bukavu. Magari yanasimama, abiria wanashuka na watoto wao wenye njaa na kiu, na malewa yamejipanga kando ya njia yakiwangoja. Hiyo ni riziki, na wengi wetu tumesomesha watoto kwa riziki hiyo. Lakini katika malewa mengi, sahani ya ugali na ndagala inakaa meza moja na chupa ya bia. Pembeni kuna bidoni ya maji ya kunywa, bidoni ya juisi ya ndizi na bidoni ya kasiksi, zote rangi moja. Kanyanga imetiwa ndani ya chupa iliyokuwa ya maji, nayo haina rangi, kama maji. Mhudumu ana haraka, dereva anapiga honi, mtoto analia. Mkono unakosea chupa, na mtoto mdogo ananyweshwa pombe.

Msidhani kwamba jambo hili ni la vijiji na umaskini tu. Mwezi wa nne mwaka 2011, katika mji wa Madison Heights, jimbo la Michigan kule Marekani, mtoto wa miezi 15 aliagiziwa juisi ya tofaa katika mkahawa wa Applebee's, akaletewa kinywaji chenye pombe kali. Wazazi waliona mtoto anabadilika, wakamkimbiza hospitali, na pombe ikakutwa katika damu yake. Mwaka huo huo, huko Lakeland katika jimbo la Florida, mtoto wa miaka 2 aliletewa divai iliyochanganywa na matunda mahali pa juisi ya machungwa. Hakuna aliyekusudia. Palikuwa na vyombo vinavyofanana, na mtu ambaye hakuonja wala hakuuliza. Baada ya tukio la Michigan, kampuni ile ilitangaza kwamba juisi ya watoto itatoka katika vifungashio vidogo vya mtu mmoja, vinavyofunguliwa mezani mbele ya mzazi. Ni dawa nyepesi, lakini ilipatikana baada ya mtoto kufikishwa hospitali.

Enyi waumini, hapa ndipo penye swali: ikiwa ni makosa, je, kuna dhambi? Tulitazame kwa elimu, wala tusiseme kwa hasira.

Kwanza, mtoto. Yeye hana dhambi kabisa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Lakini kalamu kuinuliwa kwa mtoto hakumwondolei mkubwa wajibu. Hasan bin Ali (R.A.), mjukuu wa Mtume, alipokuwa mdogo aliokota tende katika tende za sadaka akaitia kinywani. Tende hiyo haikuwa halali kwa watu wa nyumba ya Mtume. Mtume hakusema kwamba huyu ni mtoto tu, hajui. Alimwamrisha aitoe, na akamweleza kwa nini. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa tende moja ilitolewa kinywani mwa mtoto, itakuwaje kikombe cha kanyanga?

Pili, aliyemimina bila kukusudia. Katika Suratul Ahzab, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ametubainishia kwamba hatulaumu kwa tulilolikosea, bali kwa lile ambalo nyoyo zimelikusudia. Hii ni rehema. Lakini msisahau Suratun Nisaa, aya ya 92: anayemuua muumini kwa bahati mbaya anawajibika kutoa kafara, na diya inapelekwa kwa wenye maiti. Dhambi ya kukusudia haipo, lakini dhamana ipo. Basi mwenye malewa asiseme "nilikosea" kisha akarudi jikoni. Atafute gari, alipe matibabu, awaombe radhi wazazi. Na ikiwa alijua kwamba vyombo vinafanana, akaonywa, akaacha vilevile, ajiulize mwenyewe mbele ya Mola wake: hayo bado ni makosa, au ni uzembe?

Tatu, anayefanya kwa makusudi. Wako wanaochovya kidole ndani ya bia wakamlambisha mtoto ili watu wacheke. Wako wanaompa mtoto kasiksi kidogo alale, au wanaosema inatibu minyoo. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba anayemnywesha mtoto asiyejua halali na haramu ulevi, Mwenyezi Mungu atamnywesha usaha wa watu wa motoni. Hilo si jambo la kuchekea.

Ndugu zangu, tutazame chanzo cha jambo hili. Pombe haiwezi kuingia katika kikombe cha mtoto kwa makosa, mahali ambapo pombe haipo. Muislamu mwenye malewa anayesema "mimi sinywi, ninauza tu kwa ajili ya wateja" akumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) aliwataja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe. Mnywaji ni mmoja wao tu. Wamo pia mwenye kuibeba, mwenye kuimimina, mwenye kuiuza na mwenye kula thamani yake. Tunajua ugumu wa maisha. Bonde letu la Ruzizi limepita katika vita na ukimbizi, na mama anayelisha yatima haachi faida ya kreti ya bia kwa urahisi. Lakini Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuruzuku, na malewa yanayojulikana kwamba hayana pombe yatapata wateja wao: wasafiri wenye watoto, Waislamu, na Wakristo wengi ambao makanisa yao pia yanakataza ulevi. Sisi wengine tuna wajibu wa kwenda kula hapo. Hatuwezi kumwambia mama aache bia, kisha sisi wenyewe tukaenda kula penye bia.

Na tuache tabia ya kumtuma mtoto nganda kununua bia au kanyanga. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa kijana mdogo, mdogo kuliko wote waliokuwapo, akiwamiminia wakubwa ulevi wa tende nyumbani kwa Abu Talha. Ikasikika sauti ya mwenye kutangaza kwamba ulevi umeharamishwa. Abu Talha akamwambia atoke akaumwage. Anas akaumwaga, na siku ile ulevi ulitiririka katika njia za Madina. Tazameni: mkono ule ule wa kijana uliokuwa ukimimina ndio uliomwaga, kwa sababu wakubwa wake walitii mara moja. Mtoto anafuata tunachomwamrisha.

Sasa tuje kwenye vitendo, kwa kila mwenye kupika na kila mwenye mtoto.

1. Funikeni vyombo na muvitenganishe. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kufunika vyombo na kufunga viriba. Usitie kitu kingine katika chupa ya maji au ya Fanta, iwe pombe, petroli au dawa ya shamba.

2. Angalieni siku. Muslim amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume alikuwa akirowekewa zabibu, akanywa siku ile, na ya pili, na ya tatu mpaka jioni. Kilichobaki kikanyweshwa wengine au kikamwagwa. Katika joto la bonde letu, juisi ya ndizi huchacha upesi zaidi. Ikitoa povu na kuwasha ulimi, usiiuze kwa jina la juisi.

3. Mzazi, fungua chupa mwenyewe, nusa, onja kabla ya mtoto. Usione haya kuuliza: "Mama, ndani ya hii muna nini?"

4. Pombe ya pakiti ndogo ni hatari zaidi, maana inaingia katika mfuko wa kaptula ya mwanafunzi. Tanzania ilipiga marufuku pombe hiyo, waliyoiita viroba, kuanzia tarehe 1 mwezi wa tatu 2017. Mwenye butike Muislamu asingoje serikali.

5. Mtoto akinyweshwa pombe, usingoje alale itoke. Kwa mtoto mdogo, pombe hushusha sukari ya mwili na hupunguza pumzi. Akitapika, akiyumba, akiwa baridi au akisinzia sana, mlaze ubavu, mfunike, usimlazimishe kutapika, na mkimbize kituo cha afya pamoja na chupa ile. Usifiche kwa kuona aibu. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa.

Na jirani yetu asiye Muislamu anayeuza bia tumwendee kwa upole. Tumwombe aweke pombe mbali na vinywaji vya watoto, wala asimmiminie mtoto. Sheria ya Kongo namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, inayolinda watoto, inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Katika jambo hili hatuna ugomvi na mtu. Watoto ni wetu sote.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mhudumu ataulizwa juu ya kikombe, mwenye malewa juu ya kabati lake, baba na mama juu ya kinywa cha mtoto wao. Suratut Tahrim, aya ya 6, inatuamrisha kujikinga na moto sisi na watu wetu. Kinga hiyo mara nyingine ni jambo dogo tu, kama kunusa chupa.

Ewe Mwenyezi Mungu, wahifadhi watoto wetu na watoto wa majirani zetu. Wafungulie mlango wa halali wenye kuacha haramu kwa ajili yako. Wasamehe waliokosea, na uwape nguvu ya kurekebisha. Uwaponye wagonjwa wetu, uwarehemu maiti wetu, na uipe amani Luvungi, Uvira, Kivu na Kongo yote. Amin.

Aqimus swalaah.