Mbwa Aliyepakwa Nusu

Mwezi Mei 2024, bustani ya wanyama ya Taizhou, katika jimbo la Jiangsu nchini China, iliwaonyesha wageni wake wanyama wenye masikio meusi, weusi kuzunguka macho, na mwili mweupe. Hawakuwa panda. Walikuwa mbwa wa jamii ya chow chow, wamenyolewa na kupakwa rangi. Bustani haikuwa na panda halisi, na mbwa hao walitosha kuvuta watu. Picha zilipoenea, watu wakagawanyika. Kuna waliouliza kosa liko wapi, ilhali binadamu wenyewe hupaka nywele rangi kila siku. Wengine wakasema huo ni ukatili mtupu.

Nchini Marekani jambo hili ni fani yenye mashindano na zawadi. Poodle mweupe hupanda mezani akiwa mbwa, akashuka ana tausi ubavuni; filamu ya hali halisi ya Well Groomed, ya mwaka 2019, iliwafuata washindani wa fani hiyo. Na huko huko Marekani, mwaka 2008, mwanamke mmoja wa Boulder, Colorado, aliandikiwa faini kwa kumpaka poodle wake rangi ya waridi, ingawa alieleza kwamba ametumia maji ya bitiruti. Tendo ni moja; huyu anavikwa nishani, yule anaitwa mahakamani. Sheria na soko haviwezi kutuamulia.

Sehemu moja ya swali ni nyepesi, tuimalize. Jeremy Bentham, mwaka 1789, alishauri kwamba mbele ya mnyama tusiulize kama ana akili au kama anasema, tuulize kama anaumia. Rangi nyingi za nywele za binadamu zina peroksaidi, amonia, na kemikali iitwayo PPD. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua hiyo hata kama hawalijui jina lake, kwa sababu ndiyo iliyomo ndani ya piko, na bibi harusi aliyewahi kuamka na malengelenge mkononi hahitaji kuelezwa zaidi. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu. Paka naye hujilamba kutwa, kwa hiyo unachompaka mgongoni kinaishia tumboni, na ini lake ni dhaifu katika kuvunja kemikali nyingi. Anayemmwagia mnyama dawa ya namna hiyo anamtesa, na hapo hakuna la kubishania.

Ugumu unaanza tukiondoa sumu. Tuseme rangi ni ya bitiruti, haiwashi, na inatoka baada ya kuoga mara kadhaa. Macho ya mbwa hupambanua zaidi bluu na njano. Waridi inayotushangaza sisi kwake ni kijivujivu tu. Hajui kwamba anachekwa. Hana kioo cha kujitazama wala wenzake wa kumsengenya. Kama haumii na haoni haya, tumemkosea nini?

Waswisi wamejaribu kujibu. Tangu mwaka 1992 katiba yao inatambua heshima ya viumbe, na sheria yao ya wanyama iliyoanza kutumika mwaka 2008 inasema heshima hiyo huvunjwa si kwa maumivu tu, bali pia kwa kumdhalilisha mnyama, kumbadilisha sana umbo au uwezo wake, au kumtumia kupita kiasi kama chombo, pasipo sababu nzito. Hili ni wazo lenye nguvu, maana linakiri kwamba kiumbe anaweza kudhulumiwa bila kujua. Tunalikubali kwa binadamu: mzee aliyepotewa na kumbukumbu, akivalishwa kama kikaragosi ili wageni wacheke, amekosewa hata kama yeye mwenyewe anatabasamu.

Lakini mfano mwingine unalitikisa wazo hilo. Mtoto mchanga wa pwani huchorwa nyusi kwa wanja mzito, pengine na alama kwenye paji la uso, ili kijicho kimpite. Hakuombwa ruhusa, haelewi, na kwa mgeni sura yake inaweza kuchekesha. Hata hivyo hakuna anayesema amedhalilishwa. Kwa hiyo kumpamba asiyeelewa si dharau kwa asili yake, na neno heshima peke yake halitoshi kuwa mizani. Kila mmoja atalivuta upande wake, mwenye poodle akisema ninamuenzi, jirani akisema unamfedhehesha.

Tuitazame vizuri hiyo kazi ya wanja. Mtoto akigeuza kichwa, mama anasubiri. Akilia, wanja unawekwa kando na mtoto ananyonyeshwa, na pengine anashinda na nyusi moja. Hakuna aliyepata hasara, kwa kuwa pambo halikuwa na haraka kuliko mtoto. Mzee wa kikaragosi yuko kinyume chake: wageni wameshafika, na akisukuma mkono unaomvalisha, watamshika kwa nguvu kidogo. Wote wawili hawaelewi kinachofanyika. Tofauti ni kwamba kukataa kwa mtoto kunasimamisha kazi, na kukataa kwa mzee hakusimamishi kitu.

Mnyama pia hukataa, tena kwa lugha inayosomeka. Mbwa aliye mezani, shingo ikiwa ndani ya kitanzi cha kamba, huanza kwa kulamba midomo ilhali hakuna chakula. Hupiga miayo ilhali hana usingizi. Hugeuza uso, weupe wa jicho ukaonekana pembeni, mkia ukabana katikati ya miguu. Kubweka na kung'ata huja mwishoni, baada ya maneno yote ya awali kupuuzwa. Swali la ukatili linapaswa kuulizwa hapo mezani: mbwa akigeuza uso ubavu mmoja ukiwa waridi na mwingine bado mweupe, je, mwenye brashi ataacha? Anayeweza kutembea mtaani na mbwa aliyepakwa nusu, bila kuona kwamba kazi yake imeharibika, hajamkosea mbwa wake. Asiyeweza ana bwana mwingine anayemtumikia, awe jaji, kamera au mnunuzi wa tiketi.

Mtu atapinga: mbwa hukataa hata sindano ya kichaa cha mbwa, na tunamshika. Ni kweli, na tunafanya sawa, kwa sababu faida ya sindano inamrudia yeye. Mfugaji wa Kimasai humchoma ng'ombe chapa na kumkata alama masikioni, jambo linalouma kuliko rangi yoyote, lakini ana haja ya riziki, kwa kuwa ng'ombe asiye na alama akiibiwa ni shida kumdai. Haja hiyo inaweza kubishaniwa, na hata ikikubaliwa ina mipaka: Mtume Muhammad alikataza kumchoma mnyama chapa usoni. Ndipo tunapoona uzani wa haja. Kadiri haja ilivyo nzito, ndivyo kukataa kwa mnyama kunavyoweza kushindwa. Pambo ni haja nyepesi kuliko zote, kwa hiyo linapaswa kushindwa na kukataa kudogo kuliko kote, hata na mwayo.

Kwa mizani hii, poodle wa Boulder anaweza kuwa hakukosewa kabisa. Mbwa wa mashindano yuko hatarini, kwa sababu saa inamkimbiza aliyeshika mkasi. Wa Taizhou wako hatarini zaidi, kwa kuwa rangi ndiyo ajira yao, na panda aliyepakwa nusu hauzi tiketi. Immanuel Kant alihofia kwamba anayemtendea mnyama ukatili hujizoeza kuwatendea watu hivyo hivyo. Mimi nahofia zoezi dogo kuliko hilo, la kumtazama kiumbe akisema hapana na kuendelea na kazi kana kwamba hajasema.

Mizani hii itawapima pia wanaoshutumu. Mbwa wa jamii ya pug amezalishwa kizazi baada ya kizazi ili uso wake uwe bapa na wa kupendeza. Wengi wao hukoroma wakiwa macho, na joto kali huwakaba pumzi. Hilo nalo ni pambo, ila limechorwa ndani ya mfupa, na mnyama aliyezaliwa nalo hana namna ya kugeuza uso likakoma. Mwenye pug anayemcheka mwenye poodle wa waridi amekosea mahali pa kuanzia. Rangi ya bitiruti itatoka kwa maji na sabuni. Pua ya pug haitarudi, na hakuna anayeandikiwa faini kwa ajili yake kule Boulder.