Kabla Hamjaita Mumiani

Wajukuu wangu, kaeni. Neno hili nimelisema barazani kwa chifu, nimelisema matangani, na nimechoka kulisema. Ila nikinyamaza mtabaki na ya mitandaoni peke yake. Kila vijana wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, wanapopita majumbani kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, hakosi mmoja wenu wa kunong'ona kwamba mumiani, wanyonya damu, wamekuja kuchukua damu yetu wakaiuze. Mwingine huuliza: tangu watu hawa waje Kilifi mwaka 1989, wametufaa nini? Hilo la pili ni swali la haki, na ndilo nitakalolijibu.

Kumbukeni Januari 2020. Mwanafunzi aliyetoka Uchina alitua Nairobi akashukiwa kuwa na korona, na sampuli yake ikabidi ipelekwe Afrika Kusini ndipo ijulikane anayo au hana. Nchi nzima ikakaa kungoja jibu la ng'ambo. Machi 13 mgonjwa wa kwanza alipotangazwa, vipimo vilikuwa tayari vinafanywa Nairobi, na haukupita muda maabara yao ya hapa Kilifi, iliyo kwenye uwanja wa hospitali yetu ya kaunti, ikawa inapima sampuli za Pwani yote: Lamu, Tana River, Taita Taveta, Mombasa, Kwale na Kilifi yenyewe. Aprili barabara zikafungwa, hutoki wala huingii. Fikirieni kama kila sampuli ingebidi isafirishwe Nairobi wakati ule, na mgonjwa akingoja, na waliomuuguza wakiendelea kuingia sokoni.

Uwezo ule haukuja na korona. Kwa miaka mingi mtafiti James Nokes na wenzake wa maabara hiyo walikuwa wakikifuata kirusi kiitwacho RSV, kile kinachowabana vifua watoto wachanga. Kuanzia mwishoni mwa 2009 walikuwa wakienda kwenye nyumba walizozichagua mara mbili kwa wiki, wakiwachukua makamasi puani watu wa nyumba nzima, mwenye mafua na asiye nayo, kwa muda wa miezi sita. Nani angeona fahari katika kazi hiyo? Lakini humo ndimo walimojifunzia kusoma chembe za urithi za kirusi na kujua kimetoka nyumba ipi kwenda ipi. Waliozisoma za RSV, Charles Agoti akiwa miongoni mwao, ndio waliogeuka 2020 wakaanza kuzisoma za korona. Mvuvi wa hapa akilivuta dau pwani wakati wa kusi alitie kalafati, hakuna anayemuuliza leo umevua nini. Mbona hawa mnawauliza?

Sasa nije kwenye damu, maana najua ndiyo inayowakera.

Mwaka wa kwanza wa korona serikali ilihesabu wale tu waliopimwa, na mwishoni mwa Mei 2020 wagonjwa waliotangazwa Kenya nzima walikuwa karibu 2,000. Wengine walioambukizwa bila kujua, wangejulikanaje? Watafiti wa Kilifi, akiwemo Sophie Uyoga, waliomba damu kidogo iliyobaki kwa wachangiaji damu wa kitaifa, watu zaidi ya 3,000, wakatafuta ndani yake kingamwili za korona. Walikuta kwamba watu wazima 4.3 kati ya kila 100 walikwisha kuambukizwa, na Mombasa ilizidi, ilifika 8. Kwa nchi nzima hao ni zaidi ya watu milioni moja, si elfu mbili.

Lakini kipimo kipya hakiaminiki hivi hivi. Huenda kikamwitikia mtu aliyepata mafua ya kawaida tu, kikadai ana korona. Ili kukijaribu ilitakiwa damu ya watu wa huku huku, iliyotolewa kabla korona haijakuwepo duniani. Nani alikuwa nayo? Ilikuwa ndani ya friza za Kilifi: vichupa visivyozidi kidole, kila kimoja na namba yake badala ya jina, vikiwa kwenye baridi kali tangu 2018. Walipima zaidi ya 900, na takriban 99 katika kila 100 vikatoa jibu sahihi, kwamba korona hamna. Hapo ndipo hesabu ya nchi nzima ilipopata kusimama. Damu hiyo ilitoka mikononi mwa majirani zetu. Ndiyo ile iliyosemwa imeuzwa.

Sisemi msiulize. Aprili 2020 ziliposikika habari kwamba huenda chanjo ya korona ya Oxford ikajaribiwa Kenya, watu walighadhibika, na siwalaumu. Afrika imetendewa mengi kwa jina la utafiti. Majaribio yalipoanza hapa mwishoni mwa Oktoba, waliokubali walikubali wakiwa wameelezwa, na aliyekataa alikwenda zake. Iwe hivyo daima. Ulizeni damu inakwenda wapi, itakaa miaka mingapi, na majibu yatarudi lini kijijini. Wapo wawakilishi wa vijiji tuliowachagua wenyewe wakae na watafiti hawa. Mikutano yao nendeni, msipeleke watu wa kuwasikilizia. Ila mkishajibiwa, jibuni na nyinyi wanapopita majumbani. Nyumba moja ikidanganya kuhusu waliokufa, hesabu ya watu karibu 300,000 wanaofuatwa tangu mwaka 2000 inaingia ufa.

Jambo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Fedha nyingi zilizojenga maabara ile zimetoka Wellcome, shirika la Uingereza. Nawashukuru, na sioni haya kushukuru. Lakini friza ile haizimwi hata siku moja, na umeme wake hauwezi kutegemea ukarimu wa mtu wa mbali milele. Sheria yetu ya sayansi ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iwekwe kwenye mfuko wa utafiti kila mwaka. Hatujaikaribia. Mwaka 2027 wanasiasa watakuja hapa na magari na fulana kuomba kura. Fulana chukueni mkitaka, kisha muulizeni kila mmoja, mbele ya watu, ile asilimia 2 iko wapi.