Tangazo la Ukutani na Daftari la Chini ya Meza

Anayetaka kupokea malipo ya kadi kwenye intaneti hujaza fomu akidhani anaomba njia ya kupitishia pesa. Kumbe anaomba kuaminiwa.

Chukua mfano wa mteja aliyeko Uholanzi anayelipia kikapu cha ukindu kilichosukwa Bagamoyo. Kadi inapita, pesa zinaonekana kwenye akaunti ya muuzaji, lakini biashara bado haijaisha. Mteja akisema mzigo haukufika, anaweza kudai pesa zake kupitia benki yake, na kwa kadi za Visa na Mastercard muda wa kudai mara nyingi hufika siku 120. Ikiwa muuzaji ameshatoweka, benki iliyompokelea malipo ndiyo inayobaki na deni. Kwa hiyo anayekufungulia akaunti ya biashara amekubali kukudhamini mbele ya watu ambao hajawahi kuwaona.

Nilijifunza haya nilipokuwa namtafutia mama mdogo njia ya kuuza vikapu vyake nje ya nchi. Kampuni moja ya kimataifa ilikuwa na fomu nzuri, maelezo mafupi, rangi za kupendeza. Swali la kwanza lilikuwa nchi. Nikashuka kwenye orodha hadi herufi T. Tanzania haikuwepo. Hakukuwa na swali la pili.

Nikamweleza mama mdogo. Akauliza, "Wanatujua?"

"Hawatujui, mama."

"Sasa kama hawatujui, wamemkataa nani?"

Swali hilo sijaweza kuliacha. Waswahili tunasema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kama onyo kwa watu wanaoishi pamoja, methali hii ina hekima: tabia yako itawagusa wenzako. Lakini ukiigeuza kuwa kanuni ya hukumu, unamwadhibu mtu kwa uoza ambao hakuuleta na hawezi kuuondoa.

Hata hivyo, sitaki kukimbilia kusema kwamba kutilia shaka ni dhambi. Sote tunaishi kwa tahadhari. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo mama ntilie ana Lipa Namba yake imebandikwa mezani. Pesa inafika papo hapo. Muuzaji ametulia, lakini hofu haijafutika, imehamia kwa mnunuzi. Ndiyo maana anayeuza viatu Instagram anaandika "lipia kwanza," na mteja anajibu "nikipokea ndiyo nalipa." Kila mmoja anajaribu kumwachia mwenzake mzigo wa kuamini. Hakuna mwovu hapo. Hawajuani tu.

Kwa hiyo swali la maadili si kama tunayo haki ya kumshuku mtu tusiyemjua. Nadhani tunayo. Swali ni nini tunamdai baada ya kumshuku, na kama anaweza kukitoa.

Mama mdogo ana jibu lake, ingawa hajawahi kuliita falsafa. Kuna mfanyabiashara wa Kariakoo anayechukua vikapu vyake kwa mali kauli: anachukua leo, anauza, ndipo analipa. Hakuna mkataba. Mara ya kwanza alipewa vikapu 3. Alipolipa, akapewa 10. Siku hizi anabeba vingi bila hata kuhesabiwa mbele yake. Mama mdogo alimshuku mwanzoni, tena sana, lakini shaka yake ilikuwa na ngazi ambayo mtu angeweza kuipanda.

Baadaye tulipata kampuni ya hapa nchini inayofanya kazi na benki. Walitaka kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, picha za bidhaa. Kisha wakasema watazuia asilimia 10 ya kila mauzo kwa miezi 6, ndipo waiachie. Mimi nilikasirika. Mama mdogo hakukasirika hata kidogo. "Huyu angalau ameniuliza mimi," alisema.

Wapo watakaosema kwamba kumjua kila msusi wa vikapu ni gharama, na faida yake ni ndogo mno kuilipia. Ni kweli. Kuifuta nchi nzima kwenye orodha ni rahisi kuliko kuchunguza watu wake mmoja mmoja. Lakini gharama hiyo haipotei. Inalipwa na yule asiye na kosa, kwa wateja anaowakosa, na hakuna risiti inayoonyesha kwamba ameilipa. Ukinufaika kwa kutomjua mtu, nadhani una wajibu kwake, japo mdogo: mwambie afanye nini ili jibu lako libadilike. "Nchi yako haimo" si jibu la namna hiyo. Hakuna anachoweza kukifanya, hata angekuwa mwaminifu kupita wote.

Kutoaminiwa si dhuluma. Kila mgeni huanzia hapo. Dhuluma inaingia pale mtu anaponyimwa hata nafasi ya kujaribiwa.

Kwenye maduka mengi ya mtaani utakuta tangazo ukutani: leo mkopo hakuna, njoo kesho. Tunacheka, kwa sababu kesho yake tangazo bado liko palepale. Lakini mwenye duka huyohuyo, chini ya meza, ana daftari lililochakaa lenye majina: mama fulani, sukari nusu kilo, fundi fulani, mkate na majani ya chai. Tangazo ni la watu wote. Daftari ni la wale ambao, siku moja, alikubali kuwaanzishia ukurasa.